Binti yangu ameitwa kambi ya kriketi, mi nimeificha fom

Anti shikamoo,

Nakuandikia usiku manake mchana sipati nafasi na mke wangu akiniona ataniuliza naandikia nani. Mi ni mkaazi wa hapa Mombasa, miaka 41, kazi yangu ni ya klaringi bandarini, nna mke na watoto watatu. Kilichonileta kwako ni mambo ya binti yangu wa kwanza lakini siwezi kuyaeleza bila kuanzia mbali, kwa hivo naomba univumilie Anti, itakuwa ndefu.

Mi ni mtu wa kriketi. Najua wengi hapa kwetu wakisikia kriketi wanasema huo mchezo wa Wahindi ama wa shule za wenye pesa, lakini marehemu babangu alikuwa kuli wa bandarini na ndo alonifundisha. Alikuwa akitoka kazini anapitia Mombasa Sports Club, anasimama nje ya ua anaangalia, siku moja, siku mbili, mpaka akaelewa. Akajifundisha kuweka hesabu za mechi. Alikuwa na daftari la jalada gumu, kurasa zake kachora mistari kwa rula, kila mpira ukirushwa anaweka alama, nukta kama hakuna mkimbio (ndo pointi ya kriketi), namba kama upo, na kalamu nyekundu ni ya wiketi peke yake, yaani mpigaji katolewa. Redio ikiwa inasema yeye anaandika na hakuna ruhusa ya kuongea mpaka ova, ile mipira sita, iishe.

Nlikuwa na miaka 12 timu yetu ya Kenya ilipowapiga West Indies kule Pune, India, Kombe la Dunia 1996. Sisi 166, wao na Brian Lara wao wakatoka wote kwa 93. Mzee aliizungushia duara hiyo 93 na mpaka leo iko. 2003 ndo hata asojua mchezo alijua, tuliwapiga Sri Lanka pale Gymkhana Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, tukaenda mpaka nusu fainali Durban na India. Tulifungwa kwa mikimbio 91, sawa, lakini tulifungwa tukiwa kati ya timu nne za dunia nzima. Nlikuwa na miaka 19 Anti, nkasema basi tushafika, kutoka hapa ni kupanda tu.

Alafu ikaja 2009. Mwezi wa kwanza Zimbabwe walikuja kucheza na sisi mechi tano na za mwanzo zilikuwa hapa hapa Mombasa. Mke wangu alikuwa na mimba ya huyu binti. Nkamchukua mzee wangu, safari hii tukaingia ndani tukakaa kama watu, si nje ya ua, tuna chupa ya kahawa na mahamri kwenye kikapu na daftari lake mapajani. Zimbabwe wakaanza kupiga na hawakusimama. 351. Hiyo ilikaa miaka na miaka ikiwa ndo alama yao kubwa kabisa ya mechi za siku moja, na waliipata kwetu, mbele ya babangu. Yeye aliandika mpaka ova ya thelathini na kitu, alafu nkamuona anafunga kifuniko cha kalamu. Sijapata kumuona mzee akiacha mechi katikati kabla ya siku hiyo. Hakulaumu mtu, akaniambia tu tumalize kahawa isipoe. Tukafungwa kwa mikimbio 109, na mechi zote tano zikaenda, 5 kwa 0, nyumbani, miaka sita tu baada ya Durban. Tulipokuwa kwenye matatu tukirudi ndo akasema, "Hawa vijana hawachezi. Mtu hachezi, atajuaje?" Nlimuelewa kuwa anasema hawajitumi, na mi niliudhika vile vile.

Baada ya hapo ni kushuka tu. 2011 kule Chennai tukatoka wote kwa 69, New Zealand wakazipata kwa ova 8 bila kupoteza wiketi hata moja. Mwezi wa tatu mwaka huo, tarehe 20, Steve Tikolo, nahodha wetu wa 2003, akacheza mechi yake ya mwisho ya Kombe la Dunia, tukapigwa na Zimbabwe tena kwa mikimbio 161, na tarehe 20 mwezi wa tatu ndo siku ile ile ya Durban, miaka minane kamili. 2013 Sharjah, Afghanistan walitutoa kwa 56. 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Mzee alifariki mwaka uliofuata, daftari akaniachia mimi. Na mwaka huu wa 2025 mwezi wa kumi tumefika nusu fainali ya Afrika kule Harare, ushindi mmoja tu tuingie Kombe la Dunia, tukafungwa wiketi 7. Na nani? Zimbabwe. Nlizima tivii nkakaa gizani, siku tatu sikuongea na mtu nyumbani vizuri.

Sasa binti. Ana miaka 16, kidato cha tatu, na anarusha mpira Anti, yaani anarusha. Mimi ndo nlimuanzisha, akiwa na miaka saba, kwenye baraza ya nyumba na mpira wa tenisi. Anarusha spin ya kifundo cha mkono, ile mpira unadunda upande huu unakwenda ule, na ukimwangalia kidole chake cha tatu namna kinavyouachia utadhani anapindua sarafu. Hiyo sikumfundisha, alizaliwa nayo. Mwezi uliopita koch wa shule akanipa fom, ameitwa kambi ya majaribio ya wasichana wa chini ya miaka 19, Nairobi, wiki mbili likizo ya Disemba. Inataka sahihi ya mzazi.

Sijaitia sahihi. Iko kwenye droo chini ya tivii, imelaliwa na bili za stima, wiki ya tatu sasa. Akaniuliza, nkamwambia bado naisoma. Akaniuliza tena, na hapa ndo naona haya kukuandikia, nkamwambia nishaijaza nishampa koch. Akanikumbatia. Kila siku anaamka saa kumi na moja anafanya mazoezi ya kambi ambayo jina lake halijapelekwa. Mwisho wa kurudisha fom ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Kisha juzi nkamkuta na daftari la mzee. Ameandika mechi zake za shule mle, na kaanza pale pale babu yake alipoachia, ukurasa ule ule wa Zimbabwe, chini yake. Nkampigia kelele nilizojuta hapo hapo. Alilia. Mke wangu akaniambia kwa upole, ambao ulinikata zaidi kuliko angenitukana, "Baba Binti, timu yako unaililia kupitia mtoto."

Mimi sitaki aje aumie vile nlivyoumia. Namuona na miaka 25 amevaa ile jezi ya kijani anapigwa na kila mtu na hakuna anayejali, masomo aliyaacha, pesa hakuna. Nikitia sahihi nahisi namtia mwenyewe shimoni. Nisipotia, nshamdanganya. Nifanye nini Anti? Na nitamwambia vipi?

Baba Binti, Mombasa

—

Marahaba baba, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kriketi siifahamu sana kwa hivo nilimpigia mpwa wangu anayeifuatilia akanikalisha saa nzima ananielezea, na mengine nitakayokwambia nimeyapata kwake. Lakini kuna kitu hakikuhitaji kuelezewa, nacho ni mzee kufunga kifuniko cha kalamu. Hapo niliweka simu chini nikakaa kidogo kabla sijaendelea.

Wacha nikurudishie ulichoniambia unisahihishe kama nimekosea. Una binti mwenye kipaji ulichokilea mwenyewe barazani kwako. Ameitwa, na wewe umeogopa. Ukaogopa mpaka ukadanganya, na sasa uongo una tarehe, Ijumaa. Na juu ya hayo una timu uliyoipenda miaka karibu thelathini ambayo kila ukiisamehe inakuumiza, na baba uliyemzika ambaye kumbukumbu zake nyingi ziko ndani ya timu hiyo hiyo. Umeyaandika kama jambo moja. Mi naona matatu yamefungwa kwenye kanga moja, na ukilivuta moja mengine yanakuja nayo, ndo maana umeshindwa kushika kalamu kwa wiki tatu. Sahihi ni kazi ya sekunde mbili baba. Kinachokulemea si sahihi.

Nianze na maneno ya mzee kwenye matatu, manake yamenikaa. "Hawa vijana hawachezi." Wewe ulisikia kuwa hawajitumi, na umeishi na maana hiyo tangu 2009. Mpwa wangu nilipomsomea sentensi hiyo alinyamaza alafu akaniambia, "Anti, huyo mzee alikuwa anajua." Akanihesabia. Baada ya ile nusu fainali ya 2003, mwaka 2004 Kenya walicheza mechi mbili tu rasmi za siku moja, za mashindano kule Uingereza, na India na Pakistan, basi. 2005 mwaka mzima hawakucheza hata moja. Timu iliyokuwa kati ya nne bora za dunia ikakaa mwaka na zaidi bila mechi. Ndani yake kukawa na mgomo wa wachezaji, viongozi wanavutana mpaka chama cha zamani kikavunjika, mchezaji mkongwe Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na watu wa kamari. Vijana waliotakiwa kukomaa nyuma ya kina Tikolo wangekomaa wapi? Kwa hivo najiuliza, na wewe jiulize, kama mzee alikuwa anasema hawachezi kwa maana ya kwamba hawapewi mechi. Mtu aliyeandika kila mpira kwa miaka yote hiyo, si angekuwa wa kwanza kuona kwamba kurasa zimekuwa chache?

Sikwambii hivo ili nikufute machozi. Nakwambia kwa sababu inabadilisha kitu unachokiogopa. Kama ulichokiona 2009 kilikuwa ni uvivu wa vijana, basi hakuna la kufanya ila kumficha mtoto. Kama kilikuwa ni watu kunyimwa mechi, basi una swali la kwenda kumuuliza koch uso kwa uso. Wasichana hawa wanacheza mechi ngapi kwa mwaka? Na nani? Nani analipia? Baada ya kambi kuna nini, ama wanarudishwa nyumbani wanasubiri simu? Hofu yako ina msingi baba, sitaki mtu akwambie haina. Lakini mpaka sasa umeijibu kwa droo, hujaijibu kwa swali.

Jambo jingine nataka nikuulize polepole usinikasirikie. Katika barua yako yote, Pune, Durban, Mombasa, Chennai, Sharjah, Harare, hakuna hata mechi moja ya wasichana. Timu iliyokuumiza ni ya wanaume, wengi wao washastaafu. Timu aliyoitwa binti yako kuijaribu ni nyingine, watoto wengine, na Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 lenyewe lilianza 2023 tu. Mpwa wangu akanikumbusha la mwaka huo, lililochezwa Afrika Kusini. Rwanda walikwenda. Rwanda, nchi ambayo kriketi kwao ni changa kuliko kwetu kabisa. Wakawafunga Zimbabwe, na wakawafunga West Indies. Wasichana wa rika la mwanao. Ulipoandika jina Zimbabwe niliona mkono wako ulivyokuwa mzito, kwa hivo nimeona nikuletee na hili uliweke upande wa pili wa mizani.

Na usidhani nakuletea ushindi peke yake. Majirani zetu Uganda walifika Kombe la Dunia la 2024, hiyo ya ova 20, mara yao ya kwanza. Walitolewa kwa 39 na West Indies, na New Zealand wakawatoa kwa 40. Hizo ni namba ambazo baba yako angefunga kalamu. Lakini kabla ya hizo waliifunga Papua New Guinea, na mrushaji wao Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova zake zote nne akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Mtu alisubiri mpaka miaka 43 kurusha siku ile. Sijui moyoni mwake alibeba vipi ile 39 na ile siku yake nzuri pamoja, lakini alibeba zote mbili na jezi ile ile. Wewe uliyekaa nje ulibeba za kufungwa zaidi, na hilo nalielewa, manake mshabiki hapewi mpira mkononi arekebishe. Anaangalia tu. Maumivu yako ni ya mtu asiyeweza kufanya kitu, na pengine maumivu ya anayecheza ni ya namna nyingine. Binti yako akifungwa kesho yake ana mazoezi saa kumi na moja. Wewe ukifungwa unakaa gizani siku tatu.

Hizo siku tatu pia sitaki nizipite. Mke na watoto watatu waliishi na mtu asiyeongea kwa sababu ya mechi ya Harare. Naamini ilikuwa ni Harare na pia ilikuwa ni mzee, manake sasa ukifungwa hakuna wa kumalizia naye kahawa. Umewahi kumwambia mke wako hivo, kwa maneno hayo? Yeye ameshaona kwamba unalia. Nadhani hajaambiwa unamlilia nani.

Sasa tuje kwenye Ijumaa, na hapa nitakuonyesha njia ninazoziona na mashimo yake, kuchagua ni kwako na kwa mama watoto.

Unaweza kutia sahihi kesho kimya kimya, umpelekee koch, na binti asijue kamwe. Najua hii ndo inakuvutia, ningekuwa wewe ingenivutia pia. Uongo unageuka ukweli kwa kuchelewa tu. Hatari yake ni kwamba koch anajua fom imekuja lini, na makoch huongea na wachezaji wao. Akiambiwa uwanjani kwamba "babako alikaribia kukuchelewesha" atakuwa Nairobi, peke yake, na hutakuwepo kumueleza. Na hata asipojua, wewe utajua, kila atakapokukumbatia.

Unaweza kumwambia ukweli kwanza alafu mtie sahihi pamoja mezani. Hii itauma. Ana miaka 16, umri ambao wanakumbuka kila neno. Anaweza kununa wiki, anaweza kukwambia maneno. Lakini ataona pia kitu ambacho watoto wengi hawakioni, baba yake akisema nimekosea na niliogopa. Ukichagua hii nakuomba usianze na timu, usianze na 2003. Anza na droo. Fungua mbele yake, toa bili, toa fom, mwache aione. Maelezo yaje baadaye na yawe mafupi, manake mtu aliyedanganywa akipewa historia ndefu anaona anadanganywa tena.

Unaweza pia kukataa. Mzazi ana haki hiyo na sitakunyang'anya. Mwakani ana mtihani wa KCSE, wiki mbili si chache, na msichana kulala nje ya nyumba wiki mbili ni jambo la kuulizia vizuri, nani matroni, wanalala wapi, simu wanaruhusiwa, akiumwa anapelekwa wapi. Majibu yakiwa hayaeleweki hiyo ni sababu ya haki na unaweza kuisimamia mbele yake mchana kweupe. Ninachokiona kigumu ni kukataa kwa sababu hizo huku sababu ya kweli ni ile 351. Watoto wananusa. Atakwambia sawa baba, na barazani hatatoka tena na mpira, na hamtajua nani alifunga kalamu safari hii.

Ama unaweza kusema bado, si sasa, mwakani baada ya mtihani, atakuwa na miaka 17 na nafasi bado ipo. Hiyo ina busara yake pia. Swali langu ni moja tu hapo, ikifika mwakani utakuwa na hofu kidogo kuliko leo? Kama kuna kitu utafanya kati ya leo na wakati huo ili ipungue, basi mwaka ni mwaka. Kama hakuna, droo itakuwa imerefushwa tu.

Na kuna moja hukuiandika. Umesema akiwa na miaka 25 atakuwa anapigwa na kila mtu na hakuna anayejali. Nimeisoma sentensi hiyo nikawa nakushangaa, wewe uliyejali mpaka ukakumbuka tarehe 20 mwezi wa tatu mara mbili, wewe ambaye babako alijali akiwa nje ya ua na nguo za kazi. Akicheza, wewe hutakuwepo? Ulimuuliza yeye anaogopa nini? Manake tumejua hofu yako, ya mamake tumeionja kidogo, yake hatuna. Huenda haogopi kufungwa hata kidogo. Huenda anaogopa kwenda Nairobi, ama kuchekwa kwa ajili ya viatu, ama kukuangusha wewe. Hiyo ya mwisho ndo ingenitia wasiwasi kuliko zote, na ndo maana natamani uisikie kutoka mdomoni mwake kabla ya Ijumaa, uwe umeamua kutia sahihi ama hujaamua.

La daftari. Ulikasirika, na naelewa, ule ni mwandiko wa mzee na ulikuwa umeufunga kama kaburi. Lakini lile daftari ni la kuandikia mechi, na ukurasa ule ulibaki na nafasi kwa miaka kumi na sita. Yeye hakuchukua ukurasa mpya mbele kule, wala hakuchana. Alifika pale pale kwenye ova ya thelathini na kitu akachora mistari yake chini. Alifundishwa na nani kuchora? Mzee alifariki 2015, mtoto alikuwa na miaka sita hivi, si mdogo wa kutokaa mapajani mwa babu yake na kuangalia kalamu. Kuna mambo kati ya wale wawili ambayo hukuyaona, na yeye pekee ndo aliyebaki wa kukueleza.

Kwa hivo kabla ya fom, ama baada, utakavyoona, chukua daftari umpelekee chumbani kwake wewe mwenyewe. Umuombe radhi za zile kelele. Alafu muombe akusomee hizo mechi zake, mpira kwa mpira, na uangalie wiketi ameziandika kwa kalamu gani. Niandikie tena baba, nitasubiri.